Mafunzo ya kurudi kwenye skuta, Nzuguni: siku nne kwa elfu themanini

Nilianguka na skuta mwezi wa saba, saa kumi na mbili kasoro jioni, kwenye kona ya kuacha lami na kuingia mtaani kwetu Kisasa, hapa Dodoma. Sikugonga mtu wala sikugongwa. Nilikata kushoto, nikaona mchanga umetapakaa mbele yangu, nikabana breki. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimelalia bega, nasikia plastiki ya skuta inaburuzika kwenye lami. Mtulinga ukavunjika. Nilikaa wiki sita mkono umening'inizwa shingoni, cherehani imefunikwa shuka, na oda zangu za sare za shule zikaenda kwa mafundi wengine.

Nawaandikia wale walio pale nilipokuwa Septemba. Skuta ilikuwa uani, fundi ameshanyoosha usukani na kubadilisha saiti mira, na kila aliyekuja kunipa pole aliondoka ameacha ushauri. Mama alitaka niiuze. Mume wangu alileta mteja wa laki tisa, wakati mimi niliinunua milioni mbili na laki tatu, pesa ya sare za misimu miwili. Shangazi alitaka niombewe kwanza, nikaombewa, na namshukuru. Kijana mmoja wa kijiweni akanionya: "Dada, breki ya mbele usiiguse maisha yako yote." Lakini katika wote hao hakuna aliyeniuliza nilianguka vipi, na mimi mwenyewe nisingeweza kumjibu. Usiku nilikuwa naiona ile kona, naona mchanga, halafu naona lami. Hapo katikati hapakuwa na kitu. Niuze au niendelee? Sikuwa na cha kuamulia.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwa mwalimu huyu. Ni mzee mstaafu, alikuwa bwana shamba, na kwa miaka mingi alizunguka na pikipiki kwenye vijiji vya Bahi na Chamwino, kwenye njia za mchanga mtupu. Sasa anafundisha watu wachache wachache kwenye uwanja wa wazi upande wa Nzuguni, si mbali na viwanja vya Nanenane. Anachukua sh. 80,000 kwa siku nne, muda wa saa mbili kila siku, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujachachamaa. Unakuja na chombo chako. Nilipompigia simu alitaka kujua mambo matatu: kama daktari ameniruhusu, kama leseni yangu ni hai, na kama nina mtu wa kufuatana naye, kwa sababu hapendi mwanamke aje peke yake uwanjani asubuhi hiyo. Nilikwenda na mdogo wangu.

Siku ya kwanza sikuwasha injini kabisa. Tulimwamkia, akaitikia "Marahaba, mbukwenyi," salamu ya Kigogo, akavuta kigoda chini ya mgunga na kuniambia, "Haya mama, nieleze ulivyoanguka. Anzia pale ulipotoka, si pale ulipoangukia."

Nikaanza na soko la Majengo, nilikochukua majora matatu ya kitambaa cha sketi. Akanikatisha: majora uliyaweka wapi? Mawili nyuma, nimeyafunga kwa mpira kwenye keria yakachomoza nje, moja miguuni. Akachora skuta kwenye vumbi kwa kijiti, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma. Kisha akaniambia niilete skuta yangu mwenyewe, akamwomba mdogo wangu aikandamize keria pale kwenye ncha kabisa. Mimi nikashika usukani. Niliusikia unakuwa mwepesi mkononi, kama mtu anauinua kutoka chini. Tairi la mbele lilikuwa bado limegusa ardhi, ila halikuwa limeikalia. Nilikuwa nimepanda hivyo kutoka Majengo hadi Kisasa, na si siku ile tu. Nilikuwa nimepanda hivyo miaka miwili.

Akaendelea. Breki ulishika ipi? Zote mbili. Ulikuwa umenyooka au umeshainama kwenye kona? Nimeshainama. Ulizibana kidogo kidogo au kwa mara moja? Kwa mara moja. Macho yalikuwa wapi? Kwenye mchanga. Akanyanyuka, akachukua ndoo, akamwaga mchanga kwenye kipande cha zege kilichobaki cha banda la zamani, akanisimamisha juu yake na kandambili. "Sukuma mguu pembeni." Mguu ukaondoka. Akafagia mchanga, nikasukuma tena pale pale, mguu ukagoma.

Maneno aliyotumia baadaye nayakumbuka kwa sababu aliyachukua kwenye kazi yangu. Alisema tairi lina kitambaa kipande kimoja tu. Ukikata kona, umeshakata gauni. Ukitaka na breki kubwa hapo hapo, unadai kilemba kutoka kitambaa ambacho hakipo. Kwenye mchanga, kitambaa chenyewe ni nusu yadi. Na mimi siku ile nilikuwa nimeshalipunguzia tairi la mbele uzito kwa majora, kwa hiyo hata hiyo nusu yadi sikuwa nayo.

Nililia. Siyo kwa woga. Miezi miwili nilikuwa nadhani skuta ni kitu kinachoweza kukutupa wakati wowote kikijisikia, na hapo ndipo nilipojua kilichotokea kati ya mchanga na lami. Mzee alininyamazia, mdogo wangu akanipa maji, tukaendelea.

Kabla hatujaondoka aliomba helmeti yangu. Ile ile niliyoanguka nayo, nje ina mkwaruzo tu. Akaivua kitambaa cha ndani, akanionyesha lile povu jeupe linalofanana na la makasha ya samaki. Upande wa kushoto lilikuwa limebonyea na lina ufa. Alieleza kwamba povu hilo linafanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi, kwa hiyo helmeti iliyokwisha kupiga chini ni ya kutupa hata kama inang'aa. Alikataa nirudi nayo kesho. Nilinunua nyingine mjini kwa sh. 85,000, ya kufunika uso mzima, baada ya kuzikataa zile za elfu kumi na tano ambazo ukizibonyeza kwa kidole ndani unakuta plastiki na sponji tu. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba helmeti inapunguza hatari ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Kichwa changu kipo kwa sababu ya lile povu, na mimi nilikuwa nataka kulitegemea tena likiwa limeshapondeka.

Siku ya pili ilikuwa breki, breki, breki. Mstari ulionyooka, mwendo wa kilomita 20, kisha 30, simama kwenye kopo. Hapo ndipo ushauri wa kijiweni ulipokufa. Ukibana breki, uzito mwingi unakuja mbele, kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha, na anayeiogopa anahitaji barabara ndefu zaidi ambayo huenda haipo. Kinachotakiwa ni kuibana taratibu kama unavyokamua limau, ukiwa umenyooka, na kuiacha kabla hujaanza kukata kona. Nilirudia labda mara hamsini. Bega liliuma, akanipumzisha kila dakika ishirini bila kuombwa.

Siku ya tatu sikuiridhia sana. Alikuwa amechukua mwanafunzi mwingine, kijana anayejifunza pikipiki ya gia, na muda mwingi ulikwenda kwake. Kama unalipia mafunzo ya watu walioanguka, mweleze mapema kwamba unataka uwe peke yako. Hata hivyo kuna kitu kimoja nilichojifunza siku hiyo ambacho fundi, muuzaji na waendesha skuta wenzangu hawakuwahi kuniambia. Skuta haina klachi ya mkono. Ukiachia mafuta mwendo ukiwa mdogo, klachi yake ya ndani inaachia yenyewe na skuta inaserereka huru, haina injini ya kuishika. Kwenye kona za polepole mzee anataka uache mafuta kidogo yaingie huku umegusa breki ya nyuma, na skuta inatulia kama iliyoshikwa mkia. Magurudumu nayo: yangu ni ya inchi 10, ya bodaboda nyingi ni 17 au 18. Shimo ambalo bodaboda anapita akiongea, langu linaingia zima. Kwa hiyo kuwafuata bodaboda nyuma nyuma ukidhani panapopitika kwao panapitika kwako ni kosa, na nilikuwa nalifanya kila siku.

Siku ya nne tulikwenda kwenye kona yenyewe. Mzee alinifuata na pikipiki yake. Tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku, ujenzi Dodoma haujapumzika, na malori ya mchanga yanapita kwetu mchana kutwa, mengi bila turubai. Upepo wa kiangazi unamalizia kazi. Kwa hiyo mchanga ulikuwepo, kama nilivyouacha. Nilisimamisha skuta pembeni kabla ya kona, nikashuka, nikatembea kwa miguu hadi pale. Mkwaruzo wa plastiki yangu bado unaonekana kwenye lami. Bega lilikaza lenyewe. Mzee aliniambia nisiangalie mkwaruzo, niangalie mlango wa duka la mwisho mtaani, kwa sababu skuta inakwenda lilikokwenda jicho. Nikarudi nyuma mita mia, nikaja, nikamaliza breki zote wakati nimenyooka, nikapita kwa mwendo wa mtu anayekimbia, macho kwenye mlango wa duka. Mchanga ulisema shaa chini ya tairi. Nilipita mara sita. Mara ya pili nilisimama katikati na kuweka mguu chini, akasema ni sawa, kusimama nako ni kuendesha.

Sasa kasoro, maana mtu anatoa elfu themanini yake. Uwanja hauna kivuli zaidi ya ule mgunga, na kufikia mwisho wa somo vumbi linaingia hadi kooni. Njoo na kitambaa cha uso na maji ya kutosha. Hana sanduku la huduma ya kwanza, na hili nilimwambia mbele ya macho yake kwamba halikubaliki kwa mtu anayefundisha walioumia. Aliahidi kununua. Hana skuta ya akiba, kwa hiyo kama yako imekufa kabisa hatakusaidia. Hasifii. Ukifanya vizuri anasema "tena", ukikosea anasema "tena", na kwa mtu aliyevunjika moyo siku mbili za namna hiyo ni nzito. Vilevile hatoi cheti wala hahusiki na leseni. Kama hujawahi kuendesha kabisa, pitia kwanza chuo cha udereva.

Kuhusu bei, najua elfu themanini ni nauli za daladala za mwezi mzima na zaidi. Matengenezo ya skuta yalinigharimu laki moja na arobaini, na nisingepata mafunzo haya ningerudi barabarani na majora yale yale nyuma, na breki zile zile, kwenye kona ile ile.

Skuta sikuiuza. Yule mteja wa laki tisa nilimpigia mwenyewe, nikamshukuru. Majora sasa yanakuja na bajaji, elfu tatu kutoka sokoni, na skuta inabeba mimi, mkoba wa kipimo na sare zilizokwisha kushonwa, mbele ya miguu, si zaidi ya kilo tano. Siendeshi magharibi ikishaingia. Siku upepo ukivuma sana naacha, napanda daladala. Mama bado hajapenda, na nikichelewa anapiga simu. Nasimama pembeni napokea. Niliahidi kutoibishia hofu yake, kwa sababu yeye ndiye aliyenifunga sidiria na kunichana nywele wiki sita zile.

Nina jambo moja bado silijui mwilini, nalo ni tope. Mvua zikianza Desemba, mtaa wetu unageuka utelezi mwekundu, na hapo ndipo oda za sare za Januari zinapokuwa nyingi. Mzee anasema tope si mchanga, lina masomo yake. Nimeshamtumia elfu ishirini za siku moja ya nyongeza, mvua ya kwanza ikishanyesha.