Balbu ya LED ya chumbani: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo ukaomba balbu ya LED, muuzaji atakuuliza mambo mawili: wati ngapi, na ya pini au ya kuzungusha. Rangi ya mwanga haulizwi mtu. Ataichomeka ile nyeupe pee kwenye holda ya kujaribia, iwake, ulipe. Kwa jikoni haina neno. Chumba cha kulala ni habari nyingine.

Balbu nyeupe ya LED kwa asili hutoa mwanga wa buluu. Unga wa fosfori uliopakwa juu yake ndio unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano na nyekundu. Sasa, ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli, watafiti walizitambua mwaka 2002, ambazo kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, na buluu ndiyo inayoziamsha zaidi. Zikiipata saa nne usiku, ubongo unachelewa kutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala.

Kwa hiyo kabla ya wati, tafuta kwenye boksi namba yenye herufi K, kipimo cha rangi ya mwanga. 2700K ni njano, 4000K ya katikati, 6500K nyeupe yenye ubuluu. Pasipo na K, tazama tarakimu tatu: 827 maana yake 2700K, 865 maana yake 6500K. Isiyo na alama yoyote usiinunue, hata ukipunguziwa bei.

Kwa chumbani naiweka ya kwanza 2700K ya kawaida, ya wati 5 hivi, lumeni (kiasi cha mwanga) 400 hadi 500. Ikae kwenye taa ya mezani kando ya kitanda, si darini, maana ukilala chali taa ya dari inakupiga machoni moja kwa moja. Na usidhani njano peke yake inatosha: mwanga ukiwa mkali mno nao unachelewesha usingizi. Mapendekezo ya wanasayansi ya 2022 yanataka zikibaki saa tatu kabla ya kulala, mwanga unaofika jichoni usizidi laksi 10, kwa kipimo kinachopima nguvu yake juu ya seli zile za jicho.

Ya pili ni ile ya kioo yenye nyuzi zinazoonekana ndani, 2200K. Kwa usingizi inaishinda hata ya kwanza, ila kusomea haifai.

Ya tatu ni balbu ya kuendeshwa kwa simu, inayobadilika rangi. Ingepanda juu isingekuwa umeme wetu. Nyingi zimepangwa kuwaka zenyewe umeme unaporudi, tena kwa nguvu zote. Ukikatika ukarudi saa tisa usiku, nyumba nzima iko macho. Kabla ya kulipa, uliza kama programu yake inaruhusu kuzima tabia hiyo.

4000K iwe ya sebuleni. 6500K ndiyo ya mwisho, pamoja na balbu nyingi za kuchaji tunazonunua kwa ajili ya giza. Hizo zielekeze ukutani, uzime ukimaliza shughuli.

Lolote utakalochagua, iwashe palepale kaunta uitazame kupitia kamera ya simu. Mistari myeusi ikipita kwenye kioo cha simu, taa inacheza: kwa umeme wetu wa hezi 50 ni mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini wapo wanaoumwa kichwa. Omba nyingine.

Kuhusu maneno kwamba LED zinapofusha, balbu ya kawaida ya nyumbani haina ukali wa kufika huko.

Wenye dari za jipsamu, mwambieni fundi mkanda wa LED uwe 3000K au chini yake, na uwe na swichi yake peke yake.