Kula samaki Bagamoyo: anzia sokoni

Ukifika Bagamoyo una njaa, hoteli za ufukweni zisubiri. Teremka hadi soko la samaki, jirani na jengo la zamani la forodha. Kwa samaki wa kukaanga, sokoni hapa pako juu ya mikahawa yote ya mjini, ili mradi uwahi na ujue kuchagua.

Nenda asubuhi, mashua zikiwa zinashusha na mnada umechangamka. Nunua mbichi, kisha mpelekee mkaangaji. Wale waliokwisha kukaangwa na kupangwa mezani mara nyingi wamekaushwa sana ili wahimili safari. Si wa kula pale pale.

Changu na tasi ndio chaguo la uhakika. Macho yawe yamejaa na yanang'aa, matamvua mekundu, na ukibonyeza ubavu nyama irudi. Kibua na jodari wanataka umakini zaidi. Wakishinda juani bila barafu hutengeneza sumu ambayo moto hauiondoi, wala ndimu. Mlaji huwashwa mdomo kama aliyetafuna pilipili, uso ukamwiva na kichwa kikamgonga. Mchana ukishaingia na huoni barafu, waache.

Mwambie mkaangaji amchanje mistari mitatu kila upande, karibu na mfupa, ampake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha amwache dakika 15. Asipochanjwa, ngozi inaungua huku mfupani bado kuna damu. Kabla ya kuingia karaini afutwe maji, maana maji ndiyo yanayorusha mafuta na kumfanya agande chini. Aguse mafuta kwa mkia kwanza: yakilia kwa nguvu, sawa; yakinyamaza, samaki atayanywa na kulegea. Wa robo kilo anatosha dakika 8 hadi 10. Mafuta meusi yanayofura povu yamechoka, hamia banda jingine.

Pweza anafuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, watu wakaingia miambani. Kwa hiyo pweza wa siku hiyo humpati alfajiri, mtafute adhuhuri. Achemke taratibu kwa maji yake mwenyewe mpaka uma upite, ndipo awekwe kwenye makaa. Akiwahishwa makaani anakuwa mpira.

Hoteli zina sifa yake kwa kamba wa nazi na kiti cha kivulini. Agiza saa mbili kabla ya muda wa kula, kwa sababu nyingi hazipiki mpaka mgeni aagize, na sisitiza kamba waingie mwisho, dakika tatu tu, rojo likiwa tayari.

Sokoni beba noti ndogondogo. Ugali na kachumbari utapata kwa mama lishe. Bei ya samaki na ujira wa kukaanga ni vitu viwili: patana vyote kabla karai halijatiwa kitu.