Ripoti ya usalama wa ndege, ya lazima au ya hiari: tuanze na ipi?

Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinataka nchi iwe na njia zote mbili za kuripoti. Lakini kampuni ndogo ya ndege yenye ofisa usalama mmoja haina budi kuamua nguvu zake izielekeze wapi kwanza.

Ripoti ya lazima hunasa kilichokwisha kuonekana: tairi limepasuka, injini imezimika angani. Inahesabika, mkaguzi anaridhika.

Ya hiari hunasa kilichofichika. Fundi anakuta spana aliyoisahau jana chini ya kifuniko cha injini. Hakuna aliyemwona. Akijua atafukuzwa, ataitia mfukoni anyamaze. Akijua analindwa, ataandika. Wamarekani walijifunza kwa uchungu. Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, iligonga mlima ikielekea uwanja wa Dulles karibu na Washington, watu 92 wakafa. Wiki sita kabla, marubani wa shirika la United walikuwa wameponea chupuchupu palepale, ila onyo halikuwafikia wenzao wa TWA. Mwaka 1976 ukaanza mfumo wa ripoti za hiari, ASRS, ukiendeshwa na NASA, shirika la anga za juu, si FAA, msimamizi wa usafiri wa ndege mwenye mamlaka ya kuadhibu.

Mimi ningeanza na ya hiari, na mkurugenzi atie saini ahadi ya ulinzi kabla fomu ya kwanza haijachapwa.