Casio fx-991ES PLUS kwa mwanafunzi wa ekonomia: inabeba nini, inakuachia nini

Wengi wanaojiandikisha ekonomia hapa Lubumbashi hutegemea kusikia habari za franga, dola na bei ya shaba. Muhula wa kwanza unawapokea na takwimu, aljebra, hesabu za fedha na uhasibu, vyote kwa pamoja. Chini ya mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) mwaka mzima una krediti 60, na krediti moja ni saa 25 za kazi, ukijumlisha za darasani na za nyumbani. Hizo ni saa 1500. Kalkulatrisi nzuri inapunguza zile za kupiga hesabu, na hii ni nzuri kweli. Ila inafanya hesabu tu, ekonomia inakuachia wewe.

Tuanze na takwimu, maana ndiko inakolipa gharama yake. Chukua mahitaji ya unga: bei 2, 3, 4, 5 (kwa maelfu ya franga), mifuko iliyouzwa 40, 35, 27, 22. Bonyeza MODE, 3, kisha 2 upate A+BX, yaani regresyo: mstari ulionyooka unaopita karibu zaidi na data. Jaza bei kwenye safu ya X na mifuko kwenye Y, bonyeza AC, halafu SHIFT, 1, 5. Ukichagua 1 unapata A = 52.7, ukichagua 2 unapata B = −6.2, na 3 inakupa r = −0.995, kipimo cha jinsi data zinavyoukaribia mstari. Kwa mkono, jedwali lile la jumla za XY na X² linaweza kula robo saa.

Mtego wa kwanza uko hapo hapo. Silabusi nyingi za Kifaransa huandika y = ax + b, kwa hiyo mteremko ni a. Kwenye mashine mteremko ni B. Mwanafunzi ananakili A mahali pa a, na zoezi zima linapinduka. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: kuandika kwamba elastisite ya mahitaji (asilimia yanayobadilika bei ikipanda 1%) ni −6.2. Hapana, huo ni mteremko tu. Elastisite kwenye wastani ni −6.2 × 3.5 ÷ 31, yaani −0.7, mahitaji yasiyostuka sana bei ikipanda. Hakuna kitufe cha hiyo.

Data zenye marudio zinahitaji safu ya FREQ, ambayo kwa kawaida imefungwa. Ifungue kwa SHIFT, MODE, mshale wa chini, 4, 1, na uifungue kabla ya kuingiza chochote: ukibadilisha mpangilio huo, au ukitoka STAT (hali ya takwimu, ile ya MODE, 3) kwenda kufanya hesabu nyingine, data zote zinafutika. Ikifunguka, mistari inayoingia ni 40, badala ya 80 ya safu moja. Angalia pia σx na sx, zote mbili zinapima mtawanyiko wa data. Ya kwanza inagawanya kwa n (idadi ya data), ya pili kwa n−1. Swali likisema sampuli, chukua sx. Mediani na kwartili haitoi kabisa, interpolasyo ya madaraja (kukadiria thamani iliyo kati ya mbili zinazojulikana) inabaki kazi ya kalamu.

Hesabu za fedha hazina menyu yake. Mkopo wa dola 1000, riba 2% kwa mwezi, miezi 12: andika 1000 × 0.02 ÷ (1 − 1.02^(−12)), jibu 94.56 kila mwezi. Ukisahau mabano ya nje unapata 19.21, na kuna wanaoiandika bila kujiuliza dola 19 mara 12 zitalipaje 1000. Jibu likija kwa umbo la sehemu, S⇔D inaligeuza kuwa desimali.

Kwa kiwango cha ndani cha faida (riba inayofanya thamani ya leo ya mapato ilingane na pesa iliyowekwa) kuna SOLVE, inayotafuta X ya mlinganyo. Mradi wa 1000 unaorudisha 400 kwa mwaka, miaka 3: andika mlinganyo ukitumia X (alama ya = ni ALPHA, CALC), bonyeza SHIFT, CALC, anzia 0.1, inatoa karibu 0.097, yaani 9.7%. Itumie kuhakiki tu. Asistan anayesahihisha anataka kuona viwango viwili na interpolasyo kati yake, na jibu tupu halimpi cha kuhesabia pointi.

Matrisi zinaishia 3×3. Jedwali la Leontief (linaloonyesha kila sekta inatumia nini kutoka sekta nyingine) la sekta tatu linapita, la sekta nne unarudi kwenye kalamu. Grafu haichori. MODE, 7 inakupa jedwali la thamani za gharama au mapato, mistari isiyozidi 30, mikunjo unaichora mwenyewe.

Umeme ukikatika haikusumbui: ina kioo cha jua na betri moja ndogo ya LR44. fx-82MS ni ya chini yake, inafanya regresyo pia, ila data huzioni zote kwa jedwali na matrisi haina. Kama pesa ni kidogo, mwaka wa kwanza unaweza kuvumilia nayo.

Sokoni zipo za bandia zenye jina lile lile. Kabla ya kutoa pesa, fungua MODE, 3, 2, weka X 1, 2, 3 na Y 3, 5, 7. Lazima upate A = 1, B = 2, r = 1. Kisha bonyeza MODE, 6. Kama MATRIX haitokei, mrudishie muuzaji.