Shule ya serikali Kisumu iliyompokea kijana wangu na mashine yake ya sikio

Wazazi wenzangu wa Kisumu, naandika hii kwa sababu kila mara kuna mama ananiuliza kijana wangu anasoma wapi. Jina la shule siweki kwa ajili ya mtoto, lakini ni shule ya msingi ya serikali hapa mjini na mimi naipa nyota nne kati ya tano.

Yuko gredi ya nne. Akiwa na miaka mitatu alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini sikio la kushoto likaenda kabisa na la kulia likabaki nusu, hapo ndio anavaa mashine. Shule ya kwanza, ya kulipa, walikaa naye mihula miwili halafu wakaniita ofisini, mama huyu mpeleke shule ya viziwi. Sina neno na shule za viziwi, zinafanya kazi kubwa sana, lakini wangu anaongea, Kiswahili anaongea na Dholuo anaongea, alichokuwa anataka ni mtu amwangalie akimsemesha.

Nikaenda EARC, vile vituo vya kupima watoto vilivyoanza 1984, hao ndio waliandika kwamba anaweza kusoma shule ya kawaida akisaidiwa. Ukienda huko beba kitabu cha kliniki cha mtoto.

Sasa shule yenyewe. Ticha wa klasi hakuniuliza habari za ugonjwa, aliuliza sikio gani linasikia. Akamweka mbele, kushoto kabisa karibu na ukuta, ndio sikio la kulia lielekee wenzake na yeye. Asubuhi moja nilikaa nyuma ya klasi nikamwangalia huyo ticha, akigeukia ubao ananyamaza. Anaandika, anamaliza, anageuka, ndio anaongea. Karibu nilie, kwa sababu kijana wangu anasoma midomo na kule kwingine waliongea na ubao siku nzima halafu wakasema mtoto ni mzito.

Kitu kingine watu hawajui, mashine ya sikio haichagui, inakuza kila sauti, kiti kikikwaruza simiti anakunja uso kama amechomwa. Wazazi wa kamati walikata tairi kuukuu wakagongelea vipande chini ya miguu ya viti vyote vya hiyo klasi. Vyote, si chake peke yake! Na mvua yetu ya jioni mnaijua, ikipiga mabati hata mwenye masikio mawili hasikii, basi ticha hapigi kelele juu ya mvua, anaandika hesabu ubaoni wanafanya kimya mpaka ipungue.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu hizi. Watoto ni 64 klasi moja, na mwalimu wa mahitaji maalum ni mmoja shule nzima, wangu anampata labda nusu saa kwa wiki, na huyo mwalimu nampenda lakini amechoka jamani, inaonekana machoni. Halafu matangazo ya paredi. Siku moja walitangaza paredini kesho ni michezo mje na trakisuti, wangu hakusikia, akaenda na yunifomu na viatu vyeusi, akakaa chini ya mti siku nzima akiangalia wenzake wakikimbia. Aliporudi hakusema kitu, alivua viatu akaviweka pembeni akaenda kulala bila kula. Nilienda kesho yake asubuhi, na kwa kweli walinisikiliza, sasa matangazo yanaandikwa pia kwa ubao ulio nje ya ofisi. Betri za mashine unanunua mwenyewe, moja inaenda kama wiki, mimi naweka ya ziada kwa ticha.

Mkienda kutafuta shule msidanganywe na neno inklusivu, yaani shule ya watoto wote pamoja, limepakwa rangi getini. Ombeni kukaa ndani ya klasi dakika 20 mwone ticha anaangalia wapi akiongea. Na mtihani wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, unaongezwa dakika 30 kwa karatasi kwa watoto kama hawa, lakini shule lazima iseme mapema wakati wa kusajili, ulizeni hilo.

Mimi saa hii nahofia gredi ya saba. Junia, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, iko kompaundi hiyo hiyo, lakini huko kila somo lina ticha wake anaingia na kutoka, nimeuliza hedi nani atawaambia wote wasiongee na ubao, akasema turudi tuongee muhula ujao.