Kiyoyozi cha kununua Mtwara na Lindi: kipi kitadumu, na kikiharibika kitakugharimu nini

Fedha za korosho zinapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, joto nalo huwa limeshapanda, na hapo ndipo watu wengi wa mikoa hii miwili huingia madukani kuulizia kiyoyozi. Mnunuzi huuliza bei, kisha huuliza kinakula umeme kiasi gani. Swali ambalo kwa maoni yangu lilistahili kutangulia yote mawili huulizwa miaka mitatu baadaye, mbele ya fundi: kwa nini kimekufa mapema hivi, na kukifufua ni shilingi ngapi?

Mimi mwenyewe nilichelewa kuliuliza. Nilikuwa nikiishi Shangani, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia maji yakipwa na kujaa. Kiyoyozi changu cha kwanza kilianza kupoteza ubaridi katika mwaka wake wa pili. Mafundi wawili walikijaza gesi kwa nyakati tofauti, kila mmoja akachukua ujira wake, na kila mara ubaridi ulirudi kwa wiki chache ukatoweka. Fundi wa tatu hakuushusha hata mtungi wa gesi kutoka kwenye pikipiki. Alifungua mfuniko wa mashine ya nje, akapitisha kidole juu ya mapezi ya koili, yaani vibati vyembamba vinavyoshika mabomba ya gesi, na mapezi yale ya alumini yakamomonyoka na kumwagika sakafuni kama unga wa muhogo. Akapaka povu la sabuni kwenye kona ya bomba, na mahali pamoja povu likaanza kuvimba. “Mzee, hapa hakuna ugonjwa wa gesi,” akasema. “Chumvi imekula koili, na koili yenyewe ni alumini tupu. Ingekuwa shaba ningekuchomelea sasa hivi.” Koili mpya, pamoja na nauli yake ya basi kutoka Dar es Salaam na gesi ya kujaza upya, ilikaribia nusu ya bei ya kiyoyozi kipya.

Kiyoyozi ni pampu ya joto: hulichukua joto la chumbani na kulitupa nje kwa msaada wa gesi inayozungushwa na kompresa. Huko Ulaya watu huinunua mashine ya aina hiyohiyo ili iwafanyie kazi kinyume, yaani ivute joto la nje na kuliingiza ndani wakati wa baridi, na matumaini ya miaka kumi na mitano au zaidi ya kudumu, ambayo muuzaji atakusomea kwa ufasaha, yanahusu mashine iliyotunzwa vizuri mbali na chumvi. Pwani yetu hupata upepo wa baharini karibu mwaka mzima, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na kusi kuanzia Aprili. Upepo huo hubeba chumvi, chumvi ikapata unyevu, na pale shaba inapogusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Anayeishi Masasi au Nachingwea ana joto la kutosha lakini hana adui huyo. Wa Newala, juu kule kwenye uwanda wa Makonde, ajiulize kwanza kama anahitaji kiyoyozi kabisa.

Na kabla sijavipanga viyoyozi kwa nafasi, kuna panga boi. Linatumia wati sitini hadi themanini hivi, kapasita yake ni ya bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache. Nyumba yenye dari na madirisha yanayopitisha upepo hutoshelezwa nalo miezi ya kusi yote, hivyo kiyoyozi kinaweza kupumzika zaidi ya nusu ya mwaka.

Nafasi ya kwanza ninaipa spliti ya kawaida, yaani kiyoyozi chenye mashine moja ndani na nyingine nje, isiyo ya inveta (inveta ni ile ambayo kompresa yake hubadili kasi badala ya kuwaka na kuzima), yenye koili za shaba katika mashine ya ndani na ya nje, ya kupoza tu. Najua wauzaji wengi watakupeleka kwenye inveta, na kwa upande wa umeme wana haki, lakini sababu yangu ni ya matengenezo. Katika spliti ya kawaida, kinachoharibika mara nyingi ni kapasita, kontakta au mota ya feni, vitu ambavyo fundi wa Mtwara mjini huwa navyo au huvipata siku hiyohiyo, na hata akivikosa, kapasita ya thamani ileile kutoka kampuni nyingine itafanya kazi. Shaba ikitoboka huchomelewa. Maneno “ya kupoza tu” nayo yana maana yake, kwa sababu madukani zipo mashine za baridi na joto, ambazo ndani yake kuna vali ya kugeuza mzunguko wa gesi. Sijawahi kumwona mtu wa Mikindani akiwasha joto chumbani, na vali hiyo ni kifaa kimoja zaidi cha kuvuja au kukwama ambacho umekilipia bila kukihitaji.

Kuhusu ukubwa, chumba cha kulala cha mita za mraba kumi na mbili kinatoshwa na BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), na cha kufikia ishirini kinatoshwa na BTU 12,000, ukiongeza kidogo kama bati liko wazi bila dari. Usishawishike kununua kubwa zaidi ili “kipoze haraka”. Mashine kubwa kupita chumba hupoza hewa kwa dakika chache na kuzima kabla haijaukausha unyevu, ukabaki umelala kwenye ubaridi wa majimaji, huku kompresa ikiwaka na kuzima usiku kucha, na ni kule kuwaka mara kwa mara kunakoichosha.

Nafasi ya pili ni spliti ya inveta, nayo hupanda kuwa ya kwanza kwa watu wa aina mbili: wanaowasha kiyoyozi saa nyingi kila siku, na wenye umeme wa jua au jenereta ndogo, kwa sababu inveta huanza taratibu wakati kompresa ya kawaida huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa zaidi pale inapoamka. Hesabu ya umeme tuifanye wazi. Chukua spliti ya kawaida ya BTU 12,000 inayovuta kilowati 1.1, iwashwe saa nane usiku mmoja, na kompresa yake ifanye kazi asilimia 60 ya muda huo. Itatumia takriban uniti 5.3. Kwa shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, hiyo ni kama shilingi 1,880 kwa usiku na 56,000 kwa mwezi. Kwa matumizi hayo sahau pia kubaki katika kundi la nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Inveta ikiokoa theluthi moja, utabakiwa na kama shilingi 19,000 kila mwezi, na kuanzia Novemba hadi Machi hiyo ni shilingi 95,000 hivi. Ni fedha nzuri. Lakini sakiti bodi ya mashine ya nje ikiungua mara moja, inaweza kumeza akiba ya misimu kadhaa, nayo haiazimwi kutoka kampuni nyingine kama kapasita. Lazima iwe ya modeli ileile.

Bodi hizo huuawa na nini? Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kwanza kabisa. Pili ni jambo ambalo mtu aliyekaa ofisini atacheka akilisikia: mijusi na sisimizi. Mjusi huingia kwenye boksi la bodi kutafuta joto, akagusa nyaya mbili kwa mpigo, na unapofungua unamkuta amekauka juu ya alama nyeusi. Kwa hiyo anayenunua inveta aweke kwenye bajeti yake, siku ileile, gadi nzuri, kile kifaa cha kuilinda mashine na umeme mbaya, yenye kuchelewesha umeme kama dakika tatu baada ya kurudi, na amwombe fundi azibe kila tundu la nyaya kwa silikoni. Gadi hiyo inaifaa spliti ya kawaida pia, kwa kuwa kompresa inahitaji muda ili shinikizo la pande mbili lilingane kabla ya kuanza tena.

Kiyoyozi cha dirishani nakiweka nafasi ya tatu bila maneno mengi. Kina kelele na hula umeme zaidi, ila mabomba yake yote yamefungwa kiwandani, hivyo hakuna kiungo cha fundi cha kuvuja, na kinafaa kwa fremu ya biashara au nyumba ya kupanga utakayohama. Cha magurudumu, chenye bomba la kutolea hewa dirishani, ni cha nne: mashine yote iko chumbani pamoja nawe, na hewa ya moto unayoifukuza nafasi yake huchukuliwa na hewa nyingine ya moto inayopenya chini ya mlango.

Mwisho kabisa ni spliti ya mtumba. Tazama lebo ya mashine ya nje. Ikiandikwa R22, rudisha fedha mfukoni. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeachana nayo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Unanunua mashine ambayo chakula chake kinaelekea kuisha sokoni. Zenye R410A zinatengenezeka bado. Mpya nyingi sasa ni za R32, na hiyo ndiyo ningeichagua: ni gesi moja isiyo mchanganyiko, ingawa inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo fundi anayechomelea bomba ambalo bado lina gesi mfukuze kwa heshima.

Dukani, omba mfuniko wa mashine ya nje ufunguliwe. Wekundu wa shaba unaonekana kwenye mikunjo ya bomba pembeni mwa koili, lakini likwaruze bomba kidogo kwa funguo, kwa sababu kuna alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Muuzaji akikataa umeshapata jibu. Mapezi yenye rangi ya buluu au dhahabu yamepakwa utando wa kinga, ambao husaidia ingawa hauzuii chumvi milele. Kisha uliza bei ya vitu vitatu, kompresa, bodi na koili, na vinakaa wapi. Anayejibu “hivyo haviharibiki” hana. Dhamana isome uone kama inahusu kompresa peke yake, maana mara nyingi ile miaka mingi iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya kompresa tu, na kutu ya bahari imetengwa kwa herufi ndogo. Risiti ya EFD usiondoke bila hiyo.

Ufungaji mbaya unaweza kuiua mashine nzuri haraka kuliko chumvi. Fundi lazima afyonze hewa ndani ya mabomba kwa pampu kabla ya kufungulia gesi, kwa nusu saa hivi, na sindano ya geji ibaki imetulia baada ya pampu kuzimwa. Wapo wanaoisukuma hewa nje kwa kuachia gesi kidogo, kazi ya dakika moja. Unyevu unaobaki huchanganyika na oili ya kompresa na kutengeneza asidi, na kompresa huungua baada ya mwaka au miwili, wakati fundi amekwisha kubadili namba. Mashine ya nje iwekwe upande wa nyumba usiotazama bahari. Kwa nyumba nyingi za Mtwara na Lindi huo ni ukuta wa magharibi, wenye jua kali la alasiri, hivyo ijengewe kibanda kidogo cha kivuli kisichoziba hewa. Vishikizo na bolti viwe vya chuma kisichoshika kutu. Halafu kila mwezi zima swichi kubwa uioshe kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, kwa mpira usio na nguvu nyingi, kwani mapezi hulala yakipigwa.

Likifika suala la kutengeneza au kubadili, mimi hutazama koili kabla ya kusikiliza bei. Kompresa ikifa katika mwaka wa tatu na koili ni nzima, tengeneza. Ikifa katika mwaka wa saba na mapezi yanapukutika, kompresa mpya utakuwa umeifunga kwenye maiti. Ukinunua nyingine, usikubali kirahisi hoja ya kutumia mabomba ya zamani ili uokoe fedha: kama mashine iliyotoka ilikuwa ya R22, R32 inafanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 60, na oili ya zamani iliyoganda ndani haipatani na ya mashine mpya. Shaba hiyo kuukuu ina bei yake kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kubalianeni na fundi mapema ni ya nani.