Dead Space 2 bado inakausha mate: gemu ya 2011 unayotakiwa kuicheza leo

Mtu akiniuliza aanze na gemu gani ya kutisha, simpi zile mpya, namwambia tafuta Dead Space 2. Ilitoka Januari 2011 kwa PS3, Xbox 360 na PC, imetengenezwa na Visceral Games wa California chini ya kampuni kubwa ya gemu EA, na mpaka leo sijaona mwendelezo wa gemu ya kutisha uliojua hivi nini kibaki toka ile ya kwanza na nini kibadilike. Nitaongelea stori, mazingira na namna inavyokubana roho, na nitagusa mambo ya ndani mpaka mwisho kabisa, kwa hiyo kama hujaicheza na hutaki kujua kitu, icheze kwanza afu ndo urudi.

Kwa ambao hawakucheza ile ya 2008, kwa kifupi: Isaac Clarke ni injinia wa mitambo, sio komando. Alitumwa kwenye meli ya anga ya kuchimba madini inaitwa USG Ishimura ili aitengeneze, na yeye alikuwa na lake moyoni, mpenzi wake Nicole alikuwa daktari mule ndani. Akakuta watu wamekufa na maiti zimegeuka madude yanaitwa nekromofu, mikono imekuwa mapanga, na huwezi kuyaua kwa kupiga kichwa, inabidi uyakate miguu na mikono. Chanzo ni kitu kama mnara, kinaitwa Marker, kinavuruga akili za watu na kuinua maiti. Na Nicole kumbe alishajiua kitambo, yule aliyekuwa akimuona na kuongea naye ni kichwa chake tu kilikuwa kinamchezea. Na kwenye gemu nzima Isaac haongei.

Sasa hii ya pili inaanza miaka 3 baadaye, mwaka 2511, Isaac yuko wodi ya vichaa amefungwa ile koti ya kubana mikono, hakumbuki chochote cha miaka hiyo yote. Anakuja kijana mmoja kumfungua, anaitwa Franco, na kabla hajamaliza kumfungua anachomwa kichwani na anaanza kugeuka hapo hapo mbele ya uso wako, karibu kabisa, ngozi inachanika unaiona. Afu unaambiwa kimbia. Na unakimbia kweli, mikono bado imefungwa, huna silaha, huna tochi, huna lolote, unapiga kona kwenye korido za hospitali huku wagonjwa wenzako wanachinjwa kulia na kushoto, na kamera imekaa nyuma yako wewe ndo unashika padi, sio sinema unayoangalia tu. Mi sijui gemu nyingine yenye dakika 10 za kwanza kali hivo. Ukishafika kwa mtu wa kukukata ile koti unashusha pumzi unasema afadhali, mtu mzima kanisaidia, yeye anakukata kweli, anakupa tochi, afu anajichinja shingo mbele yako. Hapo gemu imeshakuambia habari yake yote, kwamba msaada upo ila usiuzoee.

Mazingira ndo kitu kinachonifanya niirudie hii gemu. Ile ya kwanza ilikuwa ndani ya meli, vyuma vitupu, mahali pa kazi. Hii ya pili iko kwenye mji, unaitwa the Sprawl, umejengwa juu ya kipande cha Titan, mwezi wa Saturn, ambao waliupasua kwa ajili ya madini. Yani kuna nyumba za kuishi, kuna maduka yenye matangazo bado yanaongea, kuna kituo cha treni, kuna kanisa, kuna shule ya watoto. Watu walikuwa wanaishi pale, na balaa limeanza usiku huohuo wewe umeamka, kwa hiyo hufiki mahali palipokufa zamani, unafika pakiwa panakufa. Unapita kwenye vyumba vya watu unakuta vitu vyao vimetupwa, masanduku ya safari yameachwa njiani, nyuma ya kuta na milango kuna kelele za watu huwezi kuwafikia. Kwenye Ishimura ulikuwa unasoma na kusikiliza rekodi za waliokufa ukaunganisha stori mwenyewe, hapa rekodi zipo bado lakini mengi nyumba yenyewe inakuonyesha.

Ile shule sasa, nadhani kila aliyecheza anaikumbuka. Kuta zimechorwa rangi rangi, kuna picha za watoto, na watoto wenyewe wamegeuka, wanakuja kundi wanapiga kelele, na vichanga vimegeuka mabomu vinatambaa. Kuna sehemu uko upande wa pili wa kioo, unamuona mama ameinama anakiita kichanga kwa upole, kimekuja kinatambaa mpaka mikononi mwake, akakikumbatia, kikalipuka. Kioo kizima kinajaa damu. Huwezi kupiga risasi, huwezi kumuonya, uko nje ya kioo. Wapo waliosema pale walizidisha na nawaelewa, lakini mi naona ile ndo sehemu inaonyesha Marker inafanya nini kwa watu, maana yule mama hakuona dude, aliona mtoto. Isaac naye anamuona Nicole. Ni ugonjwa uleule.

Na hapa ndo kwenye stori yenyewe. Uamuzi mkubwa waliofanya ni kumpa Isaac sauti, aliyemwigiza ni Gunner Wright, na watu wengi kabla haijatoka waliogopa kwamba mtu anayeongea hatishi tena. Imekuwa kinyume. Anatukana, anahema, anachoka, anakasirika, na kikubwa zaidi unagundua kinachomla ni hatia, kwa sababu yeye ndo alimtia moyo Nicole aende kufanya kazi kwenye ile meli. Nicole anamtokea macho na mdomo vinawaka mwanga, mara kwenye skrini, mara nyuma yake, mara anamrukia, na kila akitokea anamlazimisha akubali kitu ambacho Isaac anakikimbia. Mi hii naiona stori ya msiba kuliko stori ya madude. Mtu aliyefiwa na hajazika.

Halafu wakamuwekea Stross. Huyu ni mgonjwa mwenzake, naye Marker imemvuruga akili, alishaua mke na mtoto wake kwa sababu ya kuona visivyokuwepo, na muda wote anamwambia Isaac mimi na wewe tunafanana. Mwanzoni unamuonea huruma. Baadaye anamchoma jicho kwa bisibisi Ellie, mwanamke waliyekuwa naye pamoja, na inabidi Isaac amuue kwa mikono yake. Stross ni Isaac akishindwa, na waandishi hawakukuandikia hiyo sentensi popote, wamekuachia uione. Ellie Langford mwenyewe ni mhusika mzuri sana, rubani wa mitambo mizito, mkali, hasubiri kuokolewa, na ile sehemu Isaac anamrusha na chombo aondoke bila kumuuliza, kisa hataki kumpoteza kama alivyompoteza Nicole, inauma kwa sababu unaelewa wote wawili. Tiedemann, yule mkurugenzi wa mji, ndo dhaifu, ni adui wa kwenye spika tu anatoa amri, hujui anawaza nini mpaka mwisho. Na yule Daina anayekuongoza mwanzoni, ukiwa makini kidogo unajua atakugeuka. Kanisa la Unitology, dini inayoiabudu Marker, lakini limechorwa vizuri sana, unashuka chini unakuta wanahifadhi miili ya waumini waliokufa wakisubiri siku ya kuungana, safu kwa safu, na wewe unajua tayari ile siku inamaanisha nini kwa hizo maiti.

Tuje kwenye ile ya kukaza roho. Wengi wanadhani gemu inatisha kwa sababu dude linatoka ghafla kwenye tundu la hewa. Hayo yapo, mengi tu, na ukishacheza saa kadhaa unayazoea. Kinachotisha hapa ni kusubiri. Kuna nekromofu wanaitwa Stalker, nitawaelezea kidogo maana ndo ufundi wenyewe ulipo. Unaingia stoo kubwa imejaa makontena, kimya, afu unasikia sauti kama ndege inalia. Unageuka, unaona kichwa kimechungulia pembeni ya boksi, kimekuangalia, kimerudi. Kama mtoto anacheza kombolela. Ukimfuata huyo, mwenzake anakuja nyuma yako mbio anakugonga unaanguka. Kwa hiyo unajifunza kuweka mgongo ukutani na kutulia, na hapo ndo mbaya zaidi, kwa sababu wao wanaweza kusubiri na wewe huwezi. Mpaka leo nikisikia ile sauti mikono inatoka jasho.

Na gemu haikupi pa kupumzikia. Kwenye skrini hakuna mstari wa afya wala namba pembeni, afya iko kwenye uti wa mgongo wa suti ya Isaac inawaka, risasi zinaonekana kwenye bunduki yenyewe, ukifungua begi linafunguka mbele yake hewani na gemu haisimami, ukichelewa kuchagua dawa unaliwa huku menyu iko wazi. Vioo vya nje ukivipasua hewa yote inafyonzwa, wewe na madude mnavutwa pamoja kwenda nje, na una sekunde chache kupiga ile alama nyekundu juu ya dirisha ili shata lifunge, ukichelewa linakukata. Ilifika mahali kabla sijafyatua najiuliza nyuma ya dude kuna nini. Muziki wa Jason Graves nao unafanya kazi yake, vinanda vinakwaruza ukidhani ni mlango, na zile sehemu Isaac yuko peke yake zinasikika nyuzi chache tu, taratibu, za huzuni. Cheza na hedifoni, tafadhali.

Sasa sura ya 10. Hii naitetea popote. Ishimura, ile meli ya gemu ya kwanza, imeletwa Sprawl kufanyiwa matengenezo, na Isaac analazimika kuipita. Wewe mchezaji unaijua, unajua korido ile inaenda wapi, unajua ndani ya chumba kile ulikutana na nini. Wanakuingiza, na hakuna kitu. Kwa muda mrefu wa mwanzo hakuna hata adui mmoja. Kuta zimefunikwa nailoni, kuna vifaa vya mafundi na wasafishaji, damu imefutwa, ila ukipita kwenye taa zao za zambarau unaona madoa bado yapo pale pale. Unatembea polepole bunduki juu, unapita hatua kwa hatua, nailoni inatikisika, unageuka, hakuna kitu, Isaac anaanza kuona vipande vya zamani, unaendelea, bado hakuna kitu, mpaka unaanza kutamani wakutokee tu yaishe. Wamechukua kumbukumbu zako mwenyewe za gemu ya kwanza wakazigeuza kuwa adui, na kwa muda huo wote bila kutumia risasi hata moja. Mwendelezo ndo unatakiwa uwe hivi, sio kuongeza madude tu yawe makubwa.

Kwa hiyo inanisikitisha kwamba sura za mwisho zinakwenda njia ile ile ya kuongeza madude. Ukifika sehemu za serikali unapigwa mawimbi kwa mawimbi, risasi zinaisha, na wanakuletea Ubermorph asiyekufa, ukimkata miguu inaota tena, unamgandisha kwa stasisi, ule uwezo wa suti wa kupunguza mwendo wa kitu kwa muda, unakimbia. Kimbiza kimbiza yenyewe nzuri, lakini hofu imeshageuka kuwa haraka, hupati tena muda wa kusikiliza chumba. Katikati ya hayo ipo ile mashine ya jicho, na hiyo imenyooka. Isaac analala mwenyewe, anajifunga, sindano inashuka, na wewe ndo unailenga kwenye mboni ambayo haitulii, mapigo ya moyo yanapanda, ukishusha wakati taa imegeuka nyekundu mashine inamzamia usoni. Nicole na Stross walishamuimbia habari za sindano na jicho tangu mapema, kwa hiyo ulikuwa unaijua inakuja. Hakuna dude lolote mle chumbani. Inatisha kuliko mapambano yote ya sura ile.

Ile ya kucheza watu wengi mtandaoni, binadamu 4 dhidi ya nekromofu 4, sina la kusema, haikuongeza kitu kwenye stori na hutaikosa.

Kama unaanza leo chagua kiwango cha ugumu cha Survivalist, maana Normal inakupa risasi nyingi na ukiwa na risasi nyingi unaacha kuogopa. Ukimaliza ipo Hardcore ya kusevu mara 3 tu gemu nzima, hiyo ni ya wenye roho ngumu, usianze nayo. Ucheze ya kwanza kabla, ile ya 2008 au iliyotengenezwa upya 2023 yoyote sawa, la sivyo sura ya 10 itakuwa korido tu kwako. Na kama una PS3 au Xbox 360 bado zinafanya kazi, shika hizo badala ya PC, kwa sababu ile nyongeza ya Severed haikuletwa PC. Ni sura 2 tu, inamfuata askari Gabe Weller anamtafuta mkewe Lexine mwenye mimba usiku ule ule kwenye mji ule ule, na jinsi inavyoisha kwa Gabe mi naiona imezidi hata mwisho wa gemu yenyewe.